Kafuri Iliyokwenda Nawe

Baba Asya,

Nilifunzwa tangu udogoni kwamba barua hutangulizwa salamu, kisha mwandikiwa akaulizwa hali yake. Salamu nakupa, ile wapewayo waliotangulia. Hali yako siiulizi. Huko uliko wako waliopewa kazi ya kuuliza, na majibu yako hayakukusudiwa masikio yangu. Mimi nitakueleza khabari za nyumba yako, kwani ndizo nilizo nazo. Na moja katika hizo ni nzito hata nimeishika kalamu na kuiweka chini mara nyingi kabla ya leo.

Eda yangu imekwisha. Asya wetu alikuja kutoka kazini Maskati, ameivuka milima katika ile foleni ya magari unayoijua, akaingia chumbani kwangu hata abaya hajaivua. Aliniletea nguo mpya na kichupa cha mafuta ya udi. "Mama," alisema, "sasa ni halali yako. Jipake japo kidogo, unukie kama zamani." Nguo nilizivaa ili nisimvunje moyo. Mafuta nimeyaweka.

Watu hudhani kwamba mwanamke akishatoka edani huwa amemaliza jambo. Wewe uliwahi kunieleza khabari za kaa anayejivua: ganda lake la zamani hupasuka kwa nyuma, naye akatoka kinyumenyume, akaliacha zima, na miguu yake yote na hata utando wa macho, mtu akiliokota akadhani ameokota kaa. Yeye mwenyewe, ulisema, hujificha chini ya jiwe, laini kama mkate uliorowa, hawezi kupigana wala kukimbia, mpaka ganda jipya likauke. Basi mimi nimelivua ganda la eda, Baba Asya, na jipya halikuota. Waliokuja kunipa mkono waliliona lile la zamani wakadhani wameniona mimi.

Khabari niliyokusudia ni ya kabati lako la wadudu. Lakini siwezi kuifikia ila kwa kupita kwanza kwenye meza yetu ya mwanzo.

Tulipohamia huku kutoka Unguja, Asya ningali nampakata, ulipewa kazi ya kusomesha ilimu ya viumbe, na masomo yote yalikuwa kwa Kiarabu. Wewe viumbe ulikuwa ukiwajua. Kiarabu hukuwa nacho zaidi ya kile cha msikitini. Mimi Kiarabu nilirithishwa na baba yangu kwa vitabu vya fiqhi na nahau, na mdudu nilikuwa simjui ila kwa kumkimbia. Tukakaa mezani, wewe ukichora, mimi nikitafuta neno. Siku niliyokuandikia *mafsaliyati*, yaani wenye viungo, nilikuuliza ni watu gani hao. Ulicheka. "Ndilo kabila kubwa kuliko makabila yote ya wanyama, Mama Asya, nawe unawapiga kwa kiatu."

Kwa njia hiyo nikasoma, mimi niliyedhani nasomesha. Kwamba hawa hawana mfupa ndani. Mfupa wao wameuvaa nje. Kwamba mwili wao ni pingili zilizoungwa, na miguu yao imegawiwa kwa viungo, ndipo wakapata jina. Kwamba moyo wao uko mgongoni, na mshipa mkuu wa fahamu unapita tumboni, kinyume chetu sisi. Hilo la moyo lilinishughulisha. Nilikuuliza, "Sasa hawa wakisikitika hujishika wapi?" Ukasema, "Hawasikitiki. Ndiyo maana wamedumu." Leo nalikumbuka jibu hilo na sijui kama ulikuwa ukifanya mzaha.

Na kanuni yako ilikuwa moja: hesabu miguu kwanza. Ulinikataza kutazama rangi, maana rangi huhadaa. Miguu sita, na mwili wa sehemu tatu, kichwa, kifua na tumbo: huyo ndiye mdudu, na wengine wengi waitwao wadudu mitaani wanasingiziwa. Miguu minane, kichwa na kifua vimekuwa kitu kimoja, na hana vipapasio vya kupapasia njia: huyo ni wa jamaa za buibui, na nge yumo humo, na kupe yumo. Mwenye vipapasio jozi mbili ni wa jamaa za kaa na kamba. Na yule mwenye miguu hata mtu akachoka kuihesabu, mtazame kila pingili: ikiwa na jozi moja huyo ni tandu, ikiwa na jozi mbili ni jongoo. Sikuandikii haya kwa kudhani umeyasahau. Nakuandikia ili ujue kuwa mimi sijayasahau.

Unamkumbuka yule kaa tuliyeletewa kutoka pwani ya Sidab? Nilikuwa na kisu mkononi, wageni wako sebuleni, ukanishika kifundo cha mkono: "Ngoja, ngoja, huyu ana mayai." Ukampindua, ukanionyesha jinsi alivyolikunja tumbo lake chini ya kifua na kuyafumbata mayai kama anayeficha kitu asiibiwe. Nikakwambia, "Baba Asya, watu wanasubiri wali." Ukasema, "Wali wataula kila siku. Huyu hawatomuona tena." Ukamchukua na sahani yake mpaka mbele ya wageni, na kaka yako mkubwa akasema, "Nasor, umetualika kula au umetualika darasani?" Walicheka, wakamtazama, wote. Hata kaka yako aliomba miwani.

Ulipostaafu ndipo ukalijenga kabati. Ulikuwa ukipanda mabonde ya milimani na wavu wako, ukirudi na bahasha mfukoni, kila bahasha na aliyemo. Kila mdudu ulimchoma sindano ukamnyoosha miguu, na chini yake karatasi ndogo mbili, moja ya mahali alipopatikana, moja ya jina lake na aila yake, yaani jamaa anayotokana nayo. Ulinionyesha kwamba mbawakawa, wale wenye mabawa magumu ya juu kama ngao, huchomwa upande wa kulia, ili wa kushoto ubaki mzima kwa mwenye kusoma. Nikasema, "Alhamdulillahi, hata kwako wewe kulia kuna haki yake." Tangu hapo kila ulipochoma sindano na mimi nikipita, uliinua macho ukasema, "Bismillahi, kulia."

Wale wasiofaa kukaushwa, nge na tandu na buibui na kaa wachanga, uliwatia katika chupa za spiriti. Hapo ndipo tulipohitilafiana. Mimi nilikuwa nikiwasomesha wasichana Kurani katika chumba kile kile, na sikutaka spiriti chini ya paa hilo. Nilijua wanazuoni waliolegeza na waliokaza, nikachagua kukaza. Hukubishana. Ulizibeba chupa moja moja mpaka stoo ya nje, karibu na lango, na wasichana wangu walipokuuliza unawapeleka wapi, uliwajibu, "Bi Zuwena amewahamisha. Hawa ni walevi." Walicheka mpaka nikafunga msahafu.

Ulipolazwa kitandani ukamwita Salma, mwanafunzi wako wa zamani ambaye sasa yeye mwenyewe anasomesha chuoni, nami nikiwapo. Ulimwambia kabati zima ni lake, awasomeshee wanafunzi wake. Aliponyanyuka akaenda zake, ulinigeukia. Sauti yako ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba. "Wewe ndiye uliyenifunza kwamba amali ya mtu hukatika akifa, isipokuwa kwa vichache, na kimoja ni ilimu yenye kuwafaa watu. Mimi sikuandika kitabu, Mama Asya. Yangu imo kabatini. Wale watanisomeshea nikiwa siko." Nikakwambia utapona.

Ukafa alfajiri.

Walikuja wanaume, maji yakatiwa moto, na Suud, mtoto wa kaka yako, akaja mlangoni kwangu: "Bi Zuwena, katika vifaa kafuri haimo, na maduka bado." Kafuri nilijua iko wapi. Naftalini ulikuwa huiwezi, inakukohoza. Kwa hivyo ulitia kafuri katika pembe ya kila droo ili wadudu wasiharibike, na kwa joto la huku hupotea kama pumzi, basi kila mwezi mpya ulikuwa ukiongeza. Mkebe ulikuwa juu ya kabati. Niliuteremsha mwenyewe. Suud aliuliza achukue kiasi gani, nikamwambia achukue yote. Kisha nikakaa nyuma ya mlango nikaisikia harufu ikija, na nilipoisikia nilijua wamefikia maji ya mwisho ya josho, ndiyo yatiwayo kafuri.

Tangu saa ile, Baba Asya, harufu hiyo haikuwa tena ya kabati. Ilikuwa yako.

Mwezi ulipoandama, Asya aliniuliza, maana yeye anazijua desturi zako kama mimi: "Mama, nikanunue kafuri ya kabati la Baba?" Nikamjibu, "Nyumba yenye eda haitiwi manukato." Mwanangu hakubishana na hukumu ya dini kutoka kinywani mwa aliyemsomesha dini. Nami nitakwambia wewe nisilomwambia yeye. Mwenye eda amekatazwa kujipaka manukato. Hakukatazwa kumtuma mtu akaweke kafuri ndani ya kabati lililofungwa, katika chumba asichoingia. Nilijua hivyo nilipokuwa nikimjibu. Hukumu niliisimamisha mbele yangu kama pazia, na nyuma ya pazia nilikuwa nikiikimbia harufu ya josho lako.

Chumba kikafungwa. Wasichana wa Kurani niliwaambia wakae kwao mpaka nitakapowaita, na sikuwaita. Mercy peke yake, yule binti wa Kenya anayetusaidia kazi za nyumba, ndiye aliyekuwa akiingia kufagia. Siku moja alinijia na fagio mkononi. "Bibi, vumbi ya hiyo kabati haiishi. Nafagia asubuhi, jioni imerudi. Kwani Mzee alikuwa ameficha unga huko ndani?" Alitaka nicheke, maskini. Nikamwambia ni vumbi la milimani, huingia popote. Akaendelea kufagia.

Eda ilipokwisha, Salma akaja kuuchukua wasia wako. Alikuja na gari kubwa na mablanketi ya kuzungushia droo zisitikisike njiani. Mimi ndiye niliyefungua, kwani nilitaka mkono wangu uwe wa mwisho katika jambo lako na wa kwanza katika kheri yako.

Sindano zilikuwa zimesimama wima, safu kwa safu, kama ulivyozipanga. Karatasi zilikuwa chini yake, mwandiko wako, wino haujafifia. Na juu ya karatasi hapakuwa na kitu. Hapa mguu mmoja wenye miiba, pale kipande cha bawa, na katika pembe kichwa cha nzige kikinitazama kwa yale macho yake yaliyojengwa kwa vijicho visivyohesabika. Chini ya droo yote kulikuwa na unga wa kahawia, na ndani ya unga mabuu madogo yenye manyoya yakitembea polepole, na maganda yao waliyoyavua, matupu, mepesi, yakipeperuka kwa pumzi zetu. Salma akaichukua lenzi yako mezani, akainama. "Miguu sita," akasema kwa sauti ndogo, kama anayemjibu mwalimu. Ulikuwa umetueleza sote juu ya jamaa hii ya mbawakawa, ambao watoto wao hula ngozi na manyoya na kila kilichokauka. Katika aila zote ulizozipanga, mbawakawa ndio uliowapenda zaidi. Watoto wao ndio waliokula kabati.

Tulifungua droo ya pili, na ya chini yake, na ya chini yake. Hawakubagua kipepeo na kereng'ende.

Mercy alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi," alisema, "kumbe ile vumbi nilikuwa nafagia ni kazi ya Mzee." Akaliweka fagio chini kama kitu kinachochoma, akaenda jikoni, na nikamsikia analia kwa kilio ambacho mimi sijakilia hadi leo.

Nilimuuliza Salma kama karatasi zenyewe haziwafai. Wewe ulimlea kusema kweli, naye alisema kweli. "Karatasi bila ya mdudu, Bi Zuwena, ni madai yasiyo na shahidi." Kisha akaniuliza juu ya chupa. Tukaenda stoo. Joto la kiangazi lilikuwa limezinyonya nyingi, na ndani yake mlikuwa na vitu vilivyokauka na kuganda vya rangi ya tende. Lakini chache zilikuwa zimeshika. Nge wako yumo, na jozi zake nne za miguu, na yale mapafu yake ya tumboni uliyosema yana kurasa kama kitabu. Tandu yumo. Yule kaa mchanga yumo. Wale niliowatoa nje ya nyumba ndio waliosalimika. Salma alizishika kwenye mwanga moja moja, akazirudisha kwa adabu. "Hawa tunao, Bi Zuwena," alisema. "Nge wa namna hii tunao wengi." Alinibusu kichwani, akaondoka na mablanketi yake matupu.

Nimesomesha mara nyingi kisa cha Nabii Suleiman, amani iwe juu yake, jinsi alivyokufa amesimama ameegemea fimbo, na majini yakaendelea kumfanyia kazi yakimwona yu hai, mpaka mdudu alipoila fimbo naye akaanguka. Nikiwaeleza wasichana kwamba humo mna funzo juu ya ilimu ya ghaibu. Sikujua kuwa siku moja ningesimama mahali pa majini yale. Edani nilikuwa nikipita mbele ya chumba chako nikikanyaga taratibu, nisikushughulishe. Nilikutengea kikombe. Ulikuwa umesimama, Baba Asya. Mdudu alikula fimbo, nami siku ile, mbele ya droo ile, ndipo nilipokuona umeanguka.

Suud ameniambia kaburi lako lina mawe yake na halina jina, kama ilivyo ada ya watu wetu. Mimi huko siendi. Na hapa nyumbani nna majina yasiyo na mwili. Nikikutafuta kule huna jina, nikikutafuta huku huna mwili.

Wanaonifariji husema nia yangu ilikuwa njema. Nawasikiliza, nawatilia kahawa. Nia yangu ilikuwa kuipisha harufu. Usingizi ukinikataa husimama nikasali, na nikiinua mikono kukuombea, maneno yanakuja mpaka kwenye ilimu uliyoiacha, hapo yanakwama. Nimuombe Mola akulipe kwa kipi? Nimhesabie nini? Ulikuwa na njia moja ya kusomesha ukiwa chini ya ardhi, ukaniachia mimi funguo yake. Najua rehema Yake haihitaji kabati. Nimewafunza watu hivyo umri wangu wote. Sasa nalisema na haliingii; linabaki nje kama ganda, na ndani yangu hakuna mfupa.

Juzi nimefanya jambo, nalo nakueleza kwa kuwa nyumba ni yako. Nimeziondoa sindano zote, na karatasi nimezitia katika bahasha zako. Nimezipangusa droo kwa mkono wangu, na kila pembe nimetia kafuri, aliyoinunua Asya. Harufu ilinipiga nikakaa chini, nikakaa hapo mpaka ikawezekana kusimama. Kisha nikamwambia Mercy tuzilete zile chupa zilizosalia. Asya alikuja akatukuta mlangoni, mimi nimembeba nge. "Mama," alisema, "spiriti ndani ya nyumba?" Nikamwambia, "Ndani ya nyumba." Tumezipanga katika kabati lako, katika chumba nilichokuwa nikisomesha Kurani: jamaa za buibui juu, tandu na jongoo katikati, kaa chini. Aila ya wadudu nimeiachia droo yake, tupu.

Hakuna atakayekuja kuwatazama. Salma anao wengi, na mimi macho yangu hayaihesabu tena miguu ila kwa lenzi. Sijui kama hii inaandikwa katika amali zako. Sijui. Nilikuwa mwanamke anayejua, watu wakija kuniuliza.

Lala, Baba Asya, kwa amani ambayo mimi sina ya kukupa ila kuiomba. Ahadi yangu kwako ni hii tu. Spiriti ya chupa hupungua. Kila mwezi mpya nitazifungua na kuzijaza, muda wote nitakaokuwa na mkono. Sitomtuma Asya wala Mercy. Nitamimina mwenyewe, mimi niliyeikataa chini ya paa hili, na nitasema bismillahi, na nitamimina kwa kulia.

Mama Asya